Kila Kisicho Sehemu ya Nyumba

Willis Oketch alikuwa akinywa chai ya tangawizi ofisini Donholm, Nairobi, wakati picha ya chumba cha mama yake ilipofunguka kwenye skrini ya ukutani.

Kazi ya Willis ilikuwa kuandika maelezo. Kampuni yao ilisafisha picha za nyumba za kupangisha, na waliosafisha walikuwa mawakala wa akili unde, wasio na mikono ila zana: moja ya kutambua vilivyomo pichani, moja ya kung'arisha ukuta, moja ya kubadilisha mawingu, moja ya kufuta. Wakala alijua zana ya kutumia kwa kusoma maelezo yake. Willis aliyaandika kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa wasimamizi wa ploti, yaani majengo ya vyumba vya kupanga, walituma maombi yao kwa Kiswahili, na kwa kuwa aliona fahari kukiandika bila kosa. Kwenye zana ya kufuta alikuwa ameandika: "Ondoa kila kisicho sehemu ya nyumba."

Katika picha mama yake, Perez, aliketi mlangoni kwenye kigoda, akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, katika ungo. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kanisani. Mutunga, msimamizi wa ploti kule mtaa wa Pipeline, alipokuja na simu yake kupiga picha za vyumba, mama alidhani anayepigwa picha ni yeye.

Wakala akaanza kazi. Kigoda kikatoka. Kitambaa kikatoka. Kisha Perez akatoka. Ungo wa omena ulibaki ukielea hewani.

"Mbona ametoa mtu?" akauliza Anab, mkuu wao.

Sylvance, aliyekaa karibu na skrini, akachungulia. "Hakuona mtu. Ile zana ya kutambua imemwita kikongwe. Kigoda, kitambaa, kikongwe. Ki, ki, ki. Ungo umeokolewa na ngeli yake."

Wakacheka.

"Mwalimu Willis, ngeli zako hazina huruma!"

"Kuna anayemjua huyu mama?" Anab akauliza. "Kama ana mtu wake hapa, tumrudishe."

Willis alikuwa amewaambia wenzake kwamba mama yake anaishi Siaya, katika nyumba ya vigae aliyomjengea yeye mwenyewe. Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Simjui," akasema.

Sylvance akafuta ungo mwenyewe, na picha ikatumwa.

Jumamosi Willis alipanda ngazi za Pipeline akiwa na mkate na maziwa. Mama yake alikuwa mlangoni kama kawaida, ila haonekani.

"Karibu, baba. Usinikanyage, niko hapa."

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Ila watu hawanioni. Muthoki wa mlango wa pili amenimwagia maji ya kufulia, akasema pole. Kanisani mzee mzima amenikalia. Naye akaomba radhi, sikatai." Akaupokea mkate, nao ukapotea. "Wewe si unafanya kazi ya picha? Hebu niulizie."

"Nitauliza, mama."

Jumatatu aliongeza sentensi katika maelezo: "Usiondoe mtu, kwa jina lolote atakaloitwa." Anab aliisifu mbele ya wote. Lakini kwa sheria ya kampuni, picha iliyokwisha kutumwa hairudishwi mpaka jamaa wa aliyefutwa amtaje. Willis alikwenda hadi kwenye meza ya Anab, akasimama, akauliza kama kalenda ile ya ukutani ni ya mwaka huu.

Aliporudi Pipeline alikuta mlango wazi. Mutunga alikuwa ndani na mume na mke waliovaa vizuri. Alitazama picha kwenye simu, akatazama chumba, akaona vinalingana.

"Hii iko tupu," akasema. "Maji iko kila siku, stima haipotei."

"Mbona inanuka samaki?" mke akauliza.

"Hiyo ni jirani."

"Ni mimi, mama," Perez akasema kwa heshima. "Ngoja nifungue dirisha."

Dirisha likafunguka.

"Hewa ni nzuri," mume akasema.

Mutunga akamwona Willis mlangoni. Kwa miaka alikuwa amemsikia Perez akimsifu mwanawe wa ofisini, lakini hakuwahi kumtia machoni.

"Na wewe, boss? Unatafuta nani?"

Mume na mke wakageuka. Mke alikuwa na mkoba wa ngozi, na aliyatazama mashati yaliyoanikwa kwenye veranda kama mtu anayejizuia kusema neno. Willis akarekebisha kola yake.

"Nimekuja kuangalia chumba," akasema.

"Basi ingia ukiangalie, baba," Perez akasema.

Mutunga akatangulia kumwonyesha mahali pa kupikia. Njia ya kati ilikuwa nyembamba, na Willis akamsikia mama yake akikunja miguu ili wapite.