Kumi na Mbili, Halafu Kumi na Nane

1.012

Kipimo cha sukari, kijiti cha kioo chenye namba, kinaelea ndani ya bomba jembamba lenye pombe kama mtu aliyesimama majini, kichwa juu. Anansia amepiga magoti jikoni, jicho lake sawasawa na mstari wa pombe. Kumi na mbili. Juzi kilisoma kumi na sita. Inashuka vizuri.

Pombe ni ya mumewe, Elinami. Aliipika kwa shayiri, akaifunika ndani ya ndoo yenye koki, na kabla haijaiva wakamzika nyuma ya migomba.

SAUTI YAKE, KWENYE SIMU, KUTOKA WODINI

"Anansia. Kwanza zungusha kipimo, mapovu yakiachie. Yakikishika yanakinyanyua, kinakudanganya. Sukari ikipungua, kinazama. Usijaze chupa mpaka kisome vilevile siku mbili, tatu mfululizo. Ukiifungia na bado inachachuka, chupa itapa—"

Kikohozi.

Ujumbe umeishia hapo.

TANGAZO LA UKOO

Wanaukoo wote mnajulishwa kuwa tanga la marehemu Elinami litaondolewa Jumamosi, nyumbani kwa baba yake, hapa Machame. Mbege ya ndizi itakuwepo. Aidha, mzee ametamka kwamba siku hiyo atafungua chupa moja ya pombe ya marehemu na kuinywa mbele ya wote. Mnaombwa kutunza muda.

KWAKO UNAYESOMA

Usilipite haraka neno hilo, *aidha*.

Elinami alipokuwa hai, baba yake hakuonja pombe yake hata tone. "Mwanamume anayepika kwa kijiti cha kioo," alisema mbele ya wageni, "anapika dawa." Elinami alicheka na wageni. Usiku hakula.

Sasa mzee atakunywa. Mara moja tu. Chupa ikimpasukia mkononi, Elinami atachekwa hata huko aliko, na safari hii hatakuwepo kucheka pamoja nao.

1.018

Hapana.

Anazungusha kipimo. Anangoja. Anapangusa bomba, anachota upya, anainama.

Kumi na nane.

Pombe haipandi. Sukari ikishaliwa na hamira imeliwa, hairudi. Anakitumbukiza kipimo kwenye maji safi yaliyopoa. Kinakaa panapotakiwa, kwenye moja kamili. Kipimo ni kizima.

Basi ni macho yake. Au mikono. Au

YALIYOSIKIKA UANI

— Shemeji bado anapima?

— Anaipima homa.

— Muulizeni kama imetapika.

— Nyamazeni nyie, mwenzenu kafiwa.

— Kafiwa gani huko? Machozi hatujayaona. Kazi kuchungulia ndoo.

Manase, mdogo wake marehemu, anasukuma mlango kwa bega, kabeba kreti.

"Shemeji, chupa hizi, nimeziosha mwenyewe. Jaza tupumzike."

"Bado."

"Bado nini? Hii ni pombe au mimba?"

Anansia hacheki. Manase anaweka kreti chini polepole, kama vile chupa zimejaa tayari.

1.023

Asubuhi anamkuta mama mkwe ameinamia ndoo. Kifuniko kiko kwapani, kata mkononi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nailisha."

"Unailisha?"

"Niliionja juzi, tulipotoka kaburini. Chungu, mwanangu! Elinami hakuwa mtu mchungu. Basi kila nikiamka naitilia maji ya ndizi kidogo, kama tunavyoongeza utamu kwenye mbege wageni wakikaribia." Anamtazama. "Nimeiharibu?"

Kata inadondosha tone sakafuni. Jingine.

Anansia angeweza kusema ndiyo. Neno limeshafika mdomoni. Ilikuwa ndoo ya mwisho. Ilikuwa ya Elinami, yote, kwa mkono wake, na sasa

"Hujaiharibu, mama. Ila usiilishe tena."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Itakufa njaa."

"Ndivyo inavyotakiwa. Ikiingia kwenye chupa bado ina cha kula, itaipasua."

Mama mkwe anafunika ndoo. Viganja vyake vinabaki juu ya kifuniko muda mrefu, kama juu ya kichwa cha mtoto.

"Alinieleza haya yote," anasema. "Nilikuwa namwitikia tu."

1.017

Inashuka.

1.014

Inashuka. Kesho ni Jumamosi. Inashuka, na kinachotakiwa ni isimame.

JUMAMOSI

Uani wamejaa. Mbege inazunguka.

"Shemeji, mzee anaulizia chupa."

"Mwambie hakuna chupa."

"Nimwambie *mimi*?"

Manase anaondoka. Kelele za uani zinapungua, zinakatika. Kisha mlango unafunikwa na koti kubwa. Ni baba mkwe, mzee asiyeingia jikoni, ameinama ili kofia isiguse fremu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wananiambia umekataa."

"Haijatulia, baba. Ukiifunga leo si salama."

Mzee anatazama bomba mezani. Ndani yake kipimo kinazunguka taratibu, kikijikung'uta mapovu.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Kinasemaje?"

"Sijasoma. Nangoja kisimame."

"Na yeye alikuwa anangoja hivi?"

"Kila mara."

Mzee anakichomoa kipimo kwa vidole viwili, kwa woga, kama anayetoa mwiba. Anakilaza juu ya kitambaa. Anainua bomba na kunywa. Anakunywa yote. Koo linapanda na kushuka. Hakunji uso. Anafuta masharubu kwa nyuma ya mkono, na mkono unabaki pale, umefunika mdomo.

Uani mtu anaita: "Meku! Mzee, wageni wanakusubiri!"

Anavuta kigoda, anakaa.

"Pima tena," anasema.

Anansia anafungua koki. Bomba linajaa. Anatumbukiza kipimo, anakipa mzunguko kwa kidole gumba na cha shahada. Mzee anavua kofia na kuinama mpaka jicho lake liwe sawa na mstari.

"Naona namba. Ni ku—"

"Usiseme, baba. Bado kinazunguka."

1.0