Pua ya Kimaiyo

Kazi ya Kimaiyo ilikuwa kunusa maziwa. Kila asubuhi malori yalishuka kutoka Dundori yakileta mikebe mikubwa kwenye kiwanda kidogo cha siagi nyuma ya stesheni ya Nakuru, naye alisimama mahali pa kupokelea, akafunua kifuniko, akainama, akavuta pumzi moja, kisha akasema "Pita" au "Rudi." Basi. Maziwa yaliyoanza kuchacha, maziwa yaliyolala kwenye mkebe usiooshwa vizuri, maziwa ya ng'ombe aliyevunja ua akala vitunguu, yote aliyajua. Madereva walimwita Pua, naye hakukasirika. Alijua ni heshima.

Tatizo ni kwamba pua hiyo hiyo ilikuwa bomba la moshi. Sigara aliianzia Burma, ambako askari walikuita Bama, wakati wa vita vya pili, alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Kule msituni ruba waliwapanda miguuni, na njia rahisi ya kumbandua ruba ni kumgusa na sigara inayowaka. Kiprugut, rafiki yake wa kikosi kimoja, mtu wa Sachangwan, ndiye aliyemwashia ya kwanza. "Ukishamaliza na ruba," alimwambia, "ni dhambi kuitupa." Ruba walibaki Bama. Sigara ilirudi naye nyumbani.

Alivuta akingoja lori, akavuta lori likiondoka. Alivuta baada ya chai, na chai ikikawia alivuta kabla. Mkewe, Chepngeno, hakuwa mtu wa kelele. Alifungua dirisha la chumba chao kule Bondeni, akajifunga leso mabegani kwa sababu ya baridi, akaendelea na kazi zake.

Halafu ukaja mwezi wa saba wa mwaka wa hamsini na nne, na ile baridi ya kuuma masikio. Asubuhi moja Kimaiyo alifunua mkebe, akanusa, akasema "Pita." Maziwa yakamwagwa kwenye tangi pamoja na mengine. Kabla ya saa sita tangi zima lilikuwa limeharibika, na watu wakawa wanalimwaga huku wamefunika pua kwa mikono. Kimaiyo alisimama kando akishangaa, maana yeye hakusikia harufu yoyote.

Nyapara wa pale alikuwa Masinde, Mbukusu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye Kimaiyo alikuwa amefanya kazi naye tangu kiwanda kifunguliwe. Hakumfokea. Alimchukua hadi nyuma ya boila, akamfumba macho kwa kitambaa, akamshikisha kikombe kimoja, kisha kingine.

"Kipi kimechacha?"

Kimaiyo alinusa. Akanusa tena. "Hiki cha pili."

"Hicho cha pili ni maji, ndugu yangu."

Kimaiyo alivua kitambaa mwenyewe, akatazama ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

"Pua yako haijafa," Masinde akasema. "Umeikausha kwa moshi kama samaki, ndiyo hiyo tu. Mkubwa nimemwambia una homa. Utaosha mikebe mpaka upone. Lakini homa haikai miezi sita, unanielewa?"

Jioni ile Kimaiyo aliingia nyumbani, akatoa pakiti mfukoni, akaenda nayo moja kwa moja hadi chooni akaitumbukiza. "Nimeacha!" akamtangazia mkewe. Chepngeno akampa chai. Kesho yake kabla ya chakula cha mchana Kimaiyo alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa kiwanda akimwomba dereva wa lori amwachie kipisi.

Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Tangi lilikuwa bahati mbaya, lakini kipisi kilichotoka mdomoni mwa mtu mwingine alikuwa amekiomba mwenyewe. Alimsimulia mkewe akiwa ametazama sakafu.

"Baba Kiptanui," Chepngeno akasema, "hebu twende kwa Mama Khamisa."

Mama Khamisa alikuwa jirani yao, mjane wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Lamu wakifuata reli. Alikaanga vitumbua mlangoni kwake, na watu wote wa mtaa walijua kwamba zamani alikuwa akitafuna tambuu yenye tumbaku hadi meno yakawa mekundu, na kwamba siku moja aliacha. Namna alivyoacha hakuna aliyemuuliza.

"Shikamoo, mama," Kimaiyo akasema.

"Marahaba, mwanangu. Keti, lakini usikanyage unga." Akageuza kitumbua. Alipokwisha kuwasikiliza, alicheka mpaka akapaliwa. "Kwa hiyo uliitupa chooni! Mimi yangu niliitupa kisimani, wakanitukana mtaa mzima. Kitu cha kutupa si tumbaku, mwanangu. Wewe unajua unavuta saa ngapi?"

"Wakati wote, mama."

"Hakuna mtu anayevuta wakati wote. Nenda, endelea kuvuta. Lakini kila ukishika kiberiti, jiulize: hii ni ya nini? Ya njaa? Ya hasira? Ya kungoja? Ukishazijua zote, utanambia. Na siku ya kuacha uichague mwenyewe, isiwe siku ya hasira. Siku ya hasira mtu huacha hata mke, na kesho yake yuko mlangoni anabisha hodi."

Kimaiyo alifanya hivyo, ingawa aliona haya kujihoji kama karani. Akagundua mambo. Nyingi zilikuwa za kungoja tu. Mikono yake haikujua la kufanya. Ile ya baada ya chai ilikuwa ya raha. Na moja, ile ya jioni aliyovuta akiwa amesimama peke yake nje ya mlango, ilikuwa ya wenzake waliozikwa Bama. Hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Alimwambia Chepngeno. Mkewe aliweka chini mchele aliokuwa akichagua, akamshika kifundo cha mkono, wakakaa hivyo.

"Hiyo ya jioni," hatimaye akasema, "tutasimama wote nje. Utanitajia majina yao."

Siku aliyoichagua ilikuwa Jumatatu. Jumapili iliyotangulia Chepngeno alifua koti lake na mashati yake yote, akasugua kuta kwa majivu na maji ya moto, akatoa blanketi juani. Kimaiyo akawaambia watu: Masinde, madereva, hata fundi baiskeli wa pale njiani. "Kesho msinipe, hata nikiomba. Nikilia, mniache nilie."

Kuhusu hamu yenyewe, Mama Khamisa alikuwa amemwambia: "Itakuja kama mgeni asiye na adabu. Usipigane nayo, usiifungulie. Iambie ngoja. Itasimama mlangoni, itachoka, itaenda. Itarudi, ndiyo. Na wewe utaiambia tena ngoja." Akampa iliki za kutafuna na kipande cha tangawizi.

Jumatatu haikuwa mbaya sana. Jumanne ilikuwa moto. Kufikia Alhamisi Kimaiyo alikuwa ameshamgombeza mkewe kwa sababu ya kijiko. Kijiko chenyewe kilikuwa mkononi mwake. Chepngeno alimtazama, akatazama kijiko, akaanza kucheka kwa siri na mabega yakamsaliti, na Kimaiyo, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, akajikuta anacheka naye huku machozi yanamtoka.

Kwa ajili ya ile mikono, Chepngeno alimwekea gunia la mahindi. Kila hamu ilipobisha, Kimaiyo alichukua hindi akalipukuchua. Gunia likaisha. Wakaomba la jirani. Baada ya muda wanawake wa mtaa walikuwa wanamletea mahindi yao kwa beseni, wakimwambia, "Baba Kiptanui, tunasikia leo una hamu?" naye akipokea, akipukuchua mbele ya mlango, mwanamume mzima aliyepigana vita, punje zikiruka mpaka barabarani na kuku wakimzunguka.

Jioni wakasimama nje wawili. Alitaja jina moja, akataja jingine. Wakati mwingine alisimulia kidogo: huyu alikuwa mwimbaji, huyu aliogopa maji. Chepngeno alisikiliza tu.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane walitoka kutembea upande wa ziwani. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kule, na Chepngeno alikuwa ameshajiziba pua kwa ncha ya leso kama kila mtu wa Nakuru afanyavyo upepo ukigeuka. Kimaiyo akasimama ghafla.

"Mama Kiptanui! Nini kinanuka?"

"Si ni ziwa."

"Linanuka hivi?"

"Miaka yote."

"Linanuka vibaya!" Kimaiyo akapiga kelele. "Linanuka vibaya kabisa!" Akavua kofia, akaelekeza uso upande wa upepo, akavuta ule uvundo wa magadi na matope na mavi ya heroe, wale ndege wekundu wa ziwani, kwa kifua kizima kama mtu anayekunywa maji ya mlimani. Watu waliokuwa wanapita na kuni wakamkwepa. Chepngeno akamvuta mkono kwa aibu, lakini hakuweza kuacha kutabasamu mpaka wakafika nyumbani.

Usiku ule alipakua ugali na mboga za managu. Kimaiyo akatia tonge moja mdomoni, akasita.

"Leo chumvi imekuponyoka?"

Chepngeno akaweka mkono mdomoni.

"Ni nini?"

"Ni ile ile ya siku zote," akasema. "Ulipotoka vitani kila chakula ulisema hakina ladha. Nikaongeza. Ukasema bado. Nikaongeza."

"Na wewe umekuwa ukila hivi?"

"Sufuria ni moja, Baba Kiptanui. Si unaona navyokunywa maji?"

Kimaiyo aliweka tonge chini. Kwao, jina Chepngeno hupewa msichana aliyezaliwa majira ya kupeleka mifugo kulamba chumvi, na kwa miaka mingi alikuwa amemtania nalo bila kujua kwamba ni yeye aliyekuwa akimlambisha chumvi hiyo. Akainuka, akasonga ugali mwingine mwenyewe, akachemsha mboga bila chumvi hata punje, akamwandalia mkewe mezani. Mboga zilikuwa hazijaiva. Chepngeno akala zote.

Mtu angetaka kusema mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Mwezi wa tisa Kiprugut aliteremka kutoka Sachangwan kwa treni kuja kumsalimu, wakakaa wakakumbushana Bama, na alipowasha sigara yake akatoa nyingine kwa mazoea, na Kimaiyo akaipokea kwa mazoea. Alivuta mikupuo mitatu kabla ya kuitazama. Kichwa kilimzunguka. Akaizima kwa kiatu, akatoka nje, akakaa juu ya gunia.

Chepngeno alimfuata.

"Nimeharibu kila kitu," Kimaiyo akasema.

"Ukijikwaa njiani kwenda Molo, unarudi Nakuru uanze upya?"

"Hapana."

"Unafanyaje?"

"Naangalia kidole, naendelea."

"Haya. Angalia kidole." Akakaa kando yake. "Hiyo ilikuwa ya nini?"

Kimaiyo akafikiri. "Ya kumpenda Kiprugut."

"Basi mpende kwa chai. Iko tayari."

Aliingia ndani akamwambia rafiki yake ukweli wote, kuhusu tangi na kikombe cha maji na kipisi cha dereva. Kiprugut alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaenda kuvutia nje ya lango, mbali, peke yake, na tangu siku ile kila alipokuja Bondeni alifanya hivyo, hata mvua ikinyesha.

Masinde alimrudisha Kimaiyo kwenye kunusa kabla ya Krismasi, siku ambayo yule aliyeshika nafasi yake alikuwa na mafua. Hakumfumba macho wala hakumpa vikombe. Alisema tu, "Homa imekwisha?" na Kimaiyo akasema, "Imekwisha," na lori la Dundori likaanza kushusha. Pua haikurudi yote. Harufu ya vitunguu ilimpita mara kwa mara, na mkebe wenye shaka aliunusa mara mbili, jambo ambalo zamani angeliona aibu. Hakulificha.

Hamu nayo haikufa kabisa. Miaka baadaye bado ilikuwa ikija, hasa lori likichelewa, naye aliiambia ngoja.

Siku ya Krismasi yenyewe mvua ilinyesha, na Chepngeno akarudi kutoka kanisani amelowa, akavua leso akaining'iniza kando ya jiko. Kimaiyo alikuwa akimsaidia kuwasha moto.

"Hukuwahi kuniambia," Chepngeno akasema bila kugeuka. "Na mimi nanuka nini?"

Kimaiyo aliacha moto. Akasogea nyuma yake, akainama penye shingo, akavuta pumzi moja, taratibu, kama afanyavyo kazini.

"Moshi wa kuni," akasema. "Mvua. Sabuni ya kufulia. Maziwa kidogo. Na kitu kingine ambacho sikijui jina."

"Pita au rudi?"

"Ngoja," Kimaiyo akasema, akainama tena. "Bado sijamaliza."