Vishikio Viwili vya Rangi Moja

Dada alipotoka stoo na bolti mkononi, aliona miguu ya mdogo wake imechomoza chini ya plau, na plau imening'inia hewani nyuma ya trekta. Injini imezimwa.

"Wewe! Toka huko chini!"

"Acha woga, Dada. Nabadilisha ncha hii butu tukalime. Mvua huioni?"

Wingu lilikuwa limeinamia shamba, jeusi kama kitako cha sufuria. Lakini Dada hakulitazama. Alitazama springi nyuma ya kiti, pale nondo ya juu ya plau inaposhikia. Kila nyundo ilipogonga, springi ilitetema.

Trekta lilikuwa la baba yao, kongwe kuliko wote wawili. Kando ya kiti lilikuwa na vishikio viwili vya kunyanyulia. Kimoja husikiliza urefu: ukikiweka hapa, plau inakaa hapa. Cha pili husikiliza uzito: udongo ukiisukuma springi, plau inapanda yenyewe; mzigo ukilegea, inashuka yenyewe. Wakati wa kulima hicho ni rafiki. Mtu akiwa chini ya plau, ni nyoka. Na injini ikizimwa, kupanda hakupo tena; kushuka kupo.

Marehemu baba yao alivipaka rangi: chekundu cha uzito, cheupe cha urefu. Na hakuwahi kushuka kitini kabla hajailaza plau chini, hata akienda haja. Watu walimcheka: "Mzee, plau yako ina usingizi gani?" Yeye aliilaza tu.

Sasa huyu mdogo mtu, fundi rangi wa milango ya maduka, alisema trekta linatia aibu. Akalipaka buluu lote, zikapona tairi tu. Dada alimsifu. Leo ndiyo mara ya kwanza linatoka tangu lipakwe.

"Umenyanyua kwa kishikio kipi?"

"Cha buluu!" Akacheka mwenyewe, akagonga tena.

Dada hakucheka. Alibingirisha gogo la kupasulia kuni, akalisukumia chini ya fremu.

"Loo, unanitandikia kitanda?"

Nyundo. Springi ikaruka. Plau ikaporomoka, ikatua juu ya gogo, na gogo likalia kama mtu.

Kicheko kikakatika.

"Dada. Paja langu."

Fremu ilikuwa imembana, bado haijavunja. Ufa ulianza kwenye gogo, ukawa unatembea polepole, bila haraka, kama mgeni anayeijua njia.

Dada akarukia kitini, akaweka gia huru, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikafa. Akapiga tena, ikashika. Sasa mkono wake ukasimama juu ya vishikio viwili, buluu na buluu. Akivuta cha uzito, plau itaruka, halafu itarudi chini kwa pupa kabla mtu hajajiburuta.

"Dada, linapasuka!"

Rangi imedanganya macho, lakini chuma hakikupakwa akili. Akapitisha kidole gumba kwenye njia ya chuma anamopita kila kishikio. Ya kwanza ilikwaruza, kali kama tupa. Ya pili, mwisho kabisa kwa chini, ilikuwa imelika, laini kama sabuni iliyotumika: miaka yote ya Baba kulaza plau kwa kishikio cha urefu kila anaposhuka.

Akavuta cha pili.

Plau ikapanda taratibu, ikasimama pale mkono wake uliposimama. Mdogo wake akajiburuta kwa viwiko, suruali imechanika, rangi ya buluu imempaka paja. Nyuma yake gogo likaachana vipande viwili.

"Nani aligusa kishikio?" akauliza.

"Hakuna aliyegusa."

Dada akailaza plau chini mpaka udongo ukaipokea, ndipo akazima injini. Matone ya kwanza yakaanguka.

"Nilete rangi nyekundu?"

"Lete na nyeupe. Na pitia mbele ya trekta, usipite nyuma."

Plau ilikuwa imelala, hata hivyo mdogo wake akazunguka mbali, akiiangalia kama mbwa asiyefungwa.