Baiskeli Isiyo na Mzigo

Kuendesha baiskeli Ildephonse alijua, na asitokee mtu wa kusema vingine. Alikuwa hajaota hata ndevu alipoanza kuvusha mihogo katika bonde la Ruzizi, yeye akinyonga pedali, na Yaya Goretti, dada yake mkubwa, akikimbia nyuma na mkono juu ya gunia. Baadaye alibeba makaa, samaki, kreti za bia, nguruwe aliyepiga kelele njia nzima kama bibi harusi asiyemtaka bwana, na siku moja alimbeba msichana aitwaye Bernardine. Huyo alishuka akalalamika kwamba keria imemuumiza, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa.

Basi Mama Solveig wa kanisani, yule aliyewapokea uwanja wa ndege kwa makoti siku walipofika Minnesota, aliposimama baada ya ibada na kusema anatafuta mtu anayejua Kifaransa na baiskeli, Ildephonse alinyoosha mkono kabla mama wa watu hajamaliza sentensi.

Ilikuwa majira ya joto ya mwaka 2016. Mama Solveig na wastaafu wenzake walipanga kwenda kusini mwa Ufaransa mwezi wa tisa, kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe ambako gari halipiti: reli za zamani zilizong'olewa, kingo za mifereji, vijia vya katikati ya mizabibu. Ildephonse alizitazama picha kwa adabu, lakini moyoni alistaajabu. Watu wenye magari mawili mawili walikuwa wanavuka bahari kutafuta mahali pasipo na gari. Watu wenye lami mpaka mlangoni walikuwa wanatamani kokoto. Yeye alikulia juu ya kokoto hizo, na wakati wote ule hakuna aliyemwambia kwamba yuko likizo.

Kilichomtoa jasho ni jina la kijiji. Siku ya nne njia ingepita hasa pale anapoishi Yaya Goretti, mpishi katika nyumba ya masista wazee. Vita viliwatenganisha Uvira. Ildephonse akaishia kambini Tanzania, dada yake akapitia Bujumbura mpaka huko Ufaransa. Tangu hapo walionana kwenye simu tu, na kwenye simu Yaya Goretti alikuwa paji la uso, maana hakuwahi kujua namna ya kuishika. Kikundi kilikuwa kimlipie mkalimani nauli. Kwa mshahara wa kufua mashuka ya hospitali, safari hiyo Ildephonse angeifanya akiwa kibogoyo.

"Jumamosi tutaendesha kidogo sote pamoja," Mama Solveig alisema kwa upole. "Tuone tu tunavyokwenda."

Kama mambo yangeharibika, kulikuwa na Gitonga. Gitonga alikuwa nesi, Mkenya wa Saint Louis Park, mwenye baiskeli ya bei ya gari na nguo za kubana mpaka mtu unaona aibu kumsalimia. Kifaransa alifundishwa na simu, na kwacho aliweza kusema kwamba nyani wa shangazi anakunywa maziwa, basi. Lakini kwa kuendesha, tumpe haki yake, alikuwa moto.

Mama Solveig alimwazima Ildephonse baiskeli. Ilikuwa nyepesi ajabu, unainyanyua kwa vidole viwili. Jioni hiyo aliipanda kwenye maegesho ya nyumba yao, Inver Grove Heights, akaenda hatua chache, ikampeleka kushoto, ikamrudisha kulia, ikamlaza chini. Akainuka akajaribu tena. Ikamlaza tena.

Bernardine alikuwa kwenye ngazi anachambua sombe, majani ya mihogo. "Papa Rachelle," akamwita kwa jina la binti yao, "umelewa?"

"Nilewe nini, chai?"

"Basi mbona unakwenda kama mbuzi aliyefungwa mguu?"

Ildephonse akasema baiskeli ni mbovu, matairi yana kasoro, maegesho yameinama. Bernardine akamwacha amalize.

"Niambie," akasema, "lini ulipanda baiskeli tupu?"

Ildephonse alikaa chini kwenye saruji akafikiri. Hakuikumbuka hata siku moja. Kwao baiskeli tupu haikuwepo. Ukienda unabeba, ukirudi unabeba, na ukikosa kabisa cha kubeba, kuna jirani anakwenda kwa miguu. Kumpita na keria wazi ni kumtukana mbele ya watu. Mikono yake, kiuno chake, hata woga wake, vyote vilijifunza kukiwa na uzito nyuma.

Kesho yake alinunua keria, akaifunga kwa nati, akaikaza kwa vipande vya chuma, akapakia gunia la mchele la ratili hamsini na kulikaza kwa mpira wa tairi. Alipopanda, baiskeli ilinyooka. Alizunguka maegesho yale huku akipiga mluzi, mpaka Bernardine akadai mchele wake ili watu wapate kula.

Jumamosi Bernardine alimpeleka kwa gari, pamoja na baiskeli, mchele, na sufuria ya maharage ya chakula cha mchana. Njia ilikuwa magharibi mwa jiji, reli ya zamani iliyomwagwa kokoto laini, matete na maji huku, miti huku. Wastaafu walikuwa tayari na kofia zao ngumu. Ildephonse akashusha baiskeli na gunia lake.

"Mzee," Gitonga akamnong'oneza, "hiyo load ni ya nini? Tuna-ride tu, hatupeleki kitu soko."

"Ni breki yangu," Ildephonse akajibu.

Mama Solveig alilitazama gunia. "Hiyo ni tofauti," akasema.

Sasa, watu wa Minnesota hawakwambii kitu ni kibaya. Wakisema ni tofauti, jua wamekikataa na wanakuombea. Na kweli, baada ya kukohoa kidogo, Mama Solveig aliomba kwa usalama wa wote mchele ubaki garini. Ildephonse hakuwa mtu wa kubishana na mama aliyemvalisha koti. Alifungua mpira, akalishusha gunia, akapanda.

Mwanzo alijikaza. Kisha akatokea mzee mmoja na mbwa wake, wanakwenda taratibu kandokando. Ildephonse aliona keria yake iko wazi na mzee wa watu anakwenda kwa miguu, na aibu ikamshika. Akageuka kumkaribisha. Baiskeli ikaenda zake kushoto, ikakosa gurudumu la Gitonga kwa unywele, na Ildephonse akaingia kwenye matete, maji mpaka kifuani, kofia ikiwa bado imefungwa vizuri.

Gitonga ndiye aliyemvuta. "Pole, mzee. Usijali," akasema, na alimaanisha wema kabisa. "Nikifika huko nitakusalimia huyo sister yako."

Ilimuuma kuliko goti aliloligonga. Akilini Ildephonse alimwona Yaya Goretti amesimama mlangoni tangu alfajiri na kitenge chake kipya, halafu anafika Gitonga na nguo zile, anamweleza habari za nyani. Akageukia matete ili watu wasione macho yake.

Mama Solveig alishuka kwenye baiskeli yake. "Labda tufikirie namna nyingine," akasema, na Ildephonse alikuwa ameishi Minnesota muda wa kutosha kuelewa kwamba namna nyingine inaitwa Gitonga.

Bernardine alikuwa bado hajaondoa gari. Aliyaona yote kutoka pale. Alishuka, akakaza kitenge, akaja na sufuria ya maharage mikononi. Akakaa upande upande juu ya keria, sufuria mapajani, akatengeneza kilemba.

"Mama Solveig," akasema, "mchele umeukataa. Na mimi unanikataa?"

Hapo ndipo alipomweza. Mtu wa Minnesota anaweza kukataa gunia. Kumkataa mtu machoni, tena aliyeshika chakula, hilo hakulelewa nalo. Mama Solveig akasema wapite mbele.

"Twende," Bernardine akamwambia mumewe. "Na mimi si nguruwe, usinirushe."

Ildephonse alinyonga. Gurudumu lilikata kokoto moja kwa moja, kana kwamba hakuwahi kusahau kitu chochote. Alipiga kengele kila kona, akasalimia kila aliyemkuta, na alipomfikia tena yule mzee mwenye mbwa alipunguza mwendo.

"Samahani, baba," akasema, "leo nimejaa."

Mzee hakuelewa, lakini alipunga mkono, na Ildephonse akaendelea moyo mweupe. Gitonga alimpita kwenye kilima, wakampita Gitonga kwenye mteremko. Walipofika mwisho wa njia, Bernardine alifunua sufuria mbele ya wote. Hakuna hata harage moja lililomwagika. Mama Solveig alikula sahani mbili, akafuta midomo.

"Sawa, Ildephonse," akasema. "Utakwenda. Na mchele wako."

Siku hiyohiyo, wakiwa bado kwenye nyasi, Ildephonse alimpigia Yaya Goretti. Paji la uso likatokea. Alimweleza yote, matete, gunia, aibu ya mtu mzima kushindwa na baiskeli tupu, na paji likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Ina maana hukujua?" Yaya Goretti akauliza alipopata pumzi. "Kule bondeni kila nikiliachia lile gunia ulikuwa unaanguka. Kila mara. Ulidhani nasukuma. Mimi nilikuwa nakushika wewe."

Bernardine alishughulika na mfuniko wa sufuria ambao haukuwa na shida yoyote. Miaka yote ile Ildephonse alijisifu kwa watu namna alivyovusha mihogo tangu mdogo, na kumbe ni mkono wa dada yake uliomshikilia.

"Huo mchele uache hukohuko," Yaya Goretti akaendelea. "Mchele hapa upo. Siku ya nne nitakusubiri njiani, nitapanda mimi. Nimekimbia nyuma ya hiyo baiskeli ya kutosha."

"Utapanda, Yaya," Ildephonse akasema. "Mpaka utakapochoka."

Paji la uso likasogea karibu na simu, kama la mtu anayetaka kusema siri.

"Ila hiyo keria," akasema, "iongeze chuma. Nimenenepa, mdogo wangu. Nimenenepa sana."

Ildephonse hakuwa na namna ya kujua, kwa kuwa tangu waachane alikuwa ameonyeshwa paji tu. Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, alipitia dukani akanunua chuma kinene kuliko vyote vilivyokuwepo.