Timazi ya Orval Stamps

Orval Stamps, mwashi mstaafu, hakuwa na cheti, hakuwa na gari, wala mtu wa kumwamini. Katika mtihani wa shule ya jioni aliandika kwamba nguzo za hekalu la Athena kule Ugiriki huinamia ndani kidogo, na mwalimu, aliyeshikilia kwamba zimesimama wima, akamfelisha. Akapanda basi mpaka Nashville, Marekani, kwenye nakala ya hekalu hilo, akaning'iniza timazi, uzi wenye risasi nchani, kutoka kwenye ufito mrefu kando ya nguzo.

"Babu, toka hapo!" mlinzi wa kike akafoka.

"Ukinitoa, binti yangu, nitakufa bila cheti."

Upepo ulizidi kuuyumbisha uzi. Mlinzi akasita, kisha akaukinga kwa koti lake. Uzi ukatulia. Orval akapima pande zote mbili: nguzo ilikuwa nyembamba zaidi juu, lakini pengo kati yake na uzi lilikuwa vidole viwili upande wa nje, kimoja tu upande wa ndani.

"He! Kumbe imeinamia ndani kweli!"

"Basi nitilie sahihi kwenye karatasi hii ya vipimo, uwe shahidi wangu."

Orval akamwandikia mwalimu barua, akatia ndani karatasi hiyo, akaifunga, akaituma.