Mama Mkwe Hayumo Daftarini

Nilipoamka mama mkwe alikuwa ameshafunga mzigo wake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwangu. Nyumba ya wasomi imenishinda."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi, polepole, kama mtu anayetafuta pa kujificha humo ndani.

"Jana aliniomba nimsomee daftari lako la shukrani," akasema. "Alitaka kujua kama yumo."

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ndiye aliyetupa kazi ile: kila siku andika mambo matatu unayoyashukuru, roho itatulia, na nyumbani mtapendana. Niliandika siku arobaini na moja bila kuruka. Nilishukuru kazi yangu ya udobi. Nilishukuru sabuni isiyochubua vidole, na jino la kwanza la mwanangu, Kishindo. Hata paka wa jirani nilimshukuru, kwa ajili ya panya. Mama mkwe, anayembeba Kishindo tangu ninapotoka asubuhi hadi ninaporudi kutoka darasani, sikumwandikia hata mstari mmoja.

"Paka yumo," mama mkwe alisema. "Mara mbili."

Mume wangu akakohoa. Nilijua anazuia kicheko, nikamchukia kwa dakika nzima.

Akiondoka huyu, nani atabaki na mtoto? Kule kazini watoto hawaruhusiwi karibu na pasi. Kazi ingekwenda, na masomo yangeifuata. Lakini silo lililoniuma. Kishindo alikuwa mgongoni mwake, shavu limebonyea pale pale linapobonyea kila siku, nami sikukumbuka ni lini nilimwambia mama huyu ahsante.

Nikadaka kalamu. "Naandika sasa hivi, mama. Ukurasa mzima."

"Usiniandikie, mkwe. Kusoma sijui, na kusomewa nimechoka."

Maneno yote yaliyokuwa yakinijia kwenye karatasi yakanikimbia. Machozi yakaanza kunitoka, kisha nikaona kulia nako ni kumpa kazi nyingine, ya kunibembeleza. Nikajikaza.

"Ile wiki ya homa ya Kishindo," nikasema, "siku tatu ulikaa umempakata wima, kwa sababu kila akilazwa alikohoa. Mimi nikaenda kwenye mtihani. Nilirudi nikakusimulia maswali yote, sikukuuliza hata kama umekula."

Akamweka Kishindo sawa mgongoni.

"Sikuwa nimekula," akasema.

"Najua. Chakula kilikuwa bado kwenye sufuria. Nilikiona."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Mume wangu akaniangalia, akainamisha kichwa.

Mama mkwe alimfungua Kishindo mgongoni, akaketi kitandani naye mapajani.

"Gari langu linaondoka saa nne. Sasa saa ngapi?"

"Moja na nusu," mume wangu akajibu.

"Basi mkeo aendelee. Na wewe nenda kazini, haya si yako."