Saa Mbili za Maji

Salesio alifungua valvu kabla ya kuunga paipu. Maji ya mradi ikaruka, ikakimbia na njia mpaka kwa shamba ya jirani yake Makandi.

"Sale, hayo maji unapelekea watu wa Embu?" Makandi akasema kutoka kwa fensi. "Funga kwanza, baba."

Akafunga. Hapa Mitunguu zamu yake ilikuwa Jumanne, saa tatu mpaka saa tano, basi. Jumanne iliyopita ilimpita. Ukikosa mbili, jina inatolewa kwa listi, na ndizi zake zilikuwa zishaanza kukunja majani.

Mamake akiwa hai alikuwa anakaa kando ya shamba akimwambia: unga paipu. Sasa sprinkla. Sasa fungua. Na alikuwa anafanya, vizuri tu. Mama walimzika Aprili. Sindano ya kliniki ilinyamazisha zile sauti za kichwa, lakini kupanga kazi haikurudi. Kwa kadi yake wameandika skizofrenia. Kijiji inasema ni mvivu.

Aliunga, akafungua tena. Sprinkla haikuzunguka. Ilikuwa imeziba na matope, kitu ya kudunga na waya. Akaenda kwa nyumba kutafuta waya, akaona sufuria chafu, akaiosha. Akarudi na sufuria. Akasimama akiiangalia. Alijua si hiyo alikuwa ameendea. Ni nini sasa, hakujua. Alisimama hapo sana.

Kithaka, msimamizi wa maji, akafika na pikipiki.

"Saa tano. Na shamba imekauka. Ulikuwa umelala?"

"Nimefanya kazi tangu asubuhi, mzee."

"Kazi gani? Sufuria?"

Makandi alicheka, halafu akaacha. "Mpe nusu saa ya zamu yangu."

"Nikianza hiyo, kesho kila mtu anataka. Sheria ni sheria." Akafunga valvu na spana, akatoa kitabu, akakata jina. "Unaweza kata rufaa, si ngumu. Unachukua barua kwa chifu, unapiga kopi ya kitambulisho, sekretari wa mradi anagonga muhuri, unaleta kwa kamati Alhamisi kabla saa nne. Na fomu usisahau."

"Si mnajua mimi ni mgonjwa."

"Andika hivyo kwa fomu."

"Niambie moja. Ile ya kwanza peke yake. Nikimaliza nakupigia, unaniambia ya pili."

Kithaka akawasha pikipiki. Salesio akashika hendo ya pikipiki na mikono yote mbili.

"Achilia. Watu wananingoja."

"Wangoje," Salesio akasema. "Ya kwanza."